Gari Kama Mhusika: Migogoro ya Hakimiliki Kuhusu Nakala za Magari ya Kibunilizi Nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mahakama za Marekani zinavyoamua migogoro ya hakimiliki inayohusu nakala za magari yaliyobuniwa kwa ajili ya vibonzo, filamu na tamthilia za televisheni. Hoja inayojengwa ni kwamba swali linaloamua migogoro hiyo ni la kifasihi zaidi kuliko la kiufundi: je, gari linaweza kuwa mhusika? Mashauri mawili yanachambuliwa, la Batmobile lililoamuliwa mwaka 2015 na la Eleanor lililoamuliwa mwaka 2025. Makala yanaonesha kwamba vigezo vilevile vilizaa matokeo yanayokinzana, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na namna sifa za kila gari zilivyoelezwa.

1.0 Utangulizi

Fundi mmoja wa jimbo la California alikuwa na gereji iliyoitwa Gotham Garage, kwa kufuata jina la mji wa kubuni anamoishi Batman. Katika gereji hiyo aliunda magari na kuyauza kwa watu wenye mapenzi ya kukusanya magari ya aina ya pekee. Miongoni mwake yalikuwamo yaliyofanana na Batmobile, gari la Batman, kwa sura mbili: ile iliyoonekana katika tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1966 na ile ya filamu ya mwaka 1989. Gari moja liliuzwa kwa takribani dola 90,000 za Marekani. Vilevile aliuza seti za vipande ambavyo mteja angeweza kuvitumia kulibadilisha gari lake mwenyewe hadi likafanana na Batmobile. Mwaka 2011 kampuni ya DC Comics, wachapishaji wa vibonzo vya Batman, ilimfungulia shauri.

Kwa mtazamo wa haraka shauri hili ni jepesi, kwani mtu amenakili kitu cha mwenzake bila idhini. Ugumu unaanza pale inapoulizwa ni kitu gani hasa alichonakili. Hakuchapisha upya kitabu cha vibonzo wala hakurudufu filamu. Alichukua vyuma, injini na magurudumu, akaunda chombo kinachowashwa kwa ufunguo na kuendeshwa barabarani. Sheria ya hakimiliki ilitungwa kwa ajili ya vitabu, nyimbo, picha na mfano wa hayo; gereji si mahali ilipozoea kukaa.

2.0 Gari kama chombo na gari kama kazi ya sanaa

Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inaweka mpaka kati ya kazi ya sanaa na kifaa cha matumizi. Kiti, taa, nguo na gari ni vifaa vya matumizi. Umbo la kifaa cha namna hiyo halilindwi na hakimiliki isipokuwa kwa kiasi ambacho sehemu yake ya kisanaa inaweza kutenganishwa na kazi ambayo kifaa kinaifanya. Nakshi iliyochongwa juu ya mgongo wa kiti inaweza kulindwa. Mgongo wenyewe hauwezi.

Sababu ya mpaka huo inaeleweka mtu akitazama muda. Anayetaka kulinda umbo la bidhaa huelekezwa kwenye hataza ya usanifu, ambayo huombwa, hukaguliwa na kudumu kwa miaka michache tu. Hakimiliki haihitaji ukaguzi wa aina hiyo, na kwa kazi iliyoundwa chini ya kampuni inaweza kudumu miaka 95 tangu kuchapishwa. Kama maumbo ya magari yangelindwa kwa hakimiliki moja kwa moja, mtengenezaji mmoja angeweza kuhodhi mkunjo wa boneti kwa karibu karne nzima.

Mdaiwa katika shauri la Batmobile alikuwa na sababu nzuri ya kusimama juu ya mpaka huu, na alisimama. Gari ni gari, hata likiwa na mbawa za popo. Hoja hii ingeweza kumfikisha mbali iwapo mahakama ingekubali kulitazama gari lake kama kifaa. Mahakama haikulitazama hivyo.

3.0 Shauri la Batmobile

Shauri la DC Comics dhidi ya Towle lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa, ambayo husikiliza rufani za shirikisho kutoka California na majimbo mengine ya magharibi, na kwa hiyo ndiyo mahakama ya rufani ya Hollywood. Hukumu ilitolewa Septemba 2015 na kuandikwa na Jaji Sandra Ikuta. Kabla ya kueleza hukumu hiyo, ni vyema kuangalia historia ya gari lenyewe, kwa sababu hoja zote za pande mbili zimefungwa humo.

Batman alianza kuonekana katika vibonzo mwaka 1939 akiendesha gari la kawaida lenye rangi nyekundu. Batmobile yenyewe ilijitokeza mwaka 1941. Tangu hapo wachoraji waliibadilisha mara nyingi kadiri mitindo ya magari ilivyobadilika. Ilipofika zamu ya televisheni, gari lililotumika halikuchorwa na wachapishaji wa vibonzo. Liliundwa na George Barris, fundi mashuhuri wa magari ya Hollywood, kutokana na Lincoln Futura, gari la maonyesho la kampuni ya Ford la mwaka 1955 ambalo bodi yake ilitengenezwa na karakana ya Ghia huko Turin, Italia. Kwa maneno mengine, gari ambalo fundi wa California alishtakiwa kwa kulinakili lilikuwa nalo limeundwa kwa kugeuza gari la mtu mwingine. Barris aliendelea kulimiliki kwa miongo mingi, na mwaka 2013 liliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni 4.

Mnada huo unasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Aliyenunua gari alinunua chombo. Hakununua haki ya kutengeneza jingine linalofanana nalo. Umiliki wa kitu na umiliki wa hakimiliki iliyomo ndani ya kitu hicho ni milki mbili, kama vile anayenunua nakala ya riwaya dukani asivyopata ruhusa ya kuichapisha.

Mdaiwa alileta hoja ambayo haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Alisema kwamba hata kama DC Comics inamiliki vibonzo, yeye hakunakili vibonzo. Alinakili magari ya tamthilia na ya filamu, ambayo yalitengenezwa na wengine na yalitofautiana na michoro. Mahakama ilijibu kwa kufuata mnyororo. Tamthilia na filamu ni kazi zilizotokana na vibonzo, na zilitengenezwa kwa idhini iliyotolewa na wachapishaji. Mwenye kazi ya msingi hapotezi haki yake juu ya kile kilichokuwa chake kwa sababu tu kimepita katika kazi ya pili. Anayenakili kutoka katika kazi ya pili kile kilichotoka katika ya kwanza amemnakili mwenye kazi ya kwanza. Lakini mnyororo huo unashika ikiwa tu kuna kitu kilichosafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kikiwa kilekile. Sura ya gari haikusafiri, kwa sababu ilibadilika. Basi ni nini kilichosafiri?

Jibu la mahakama lilikuwa: mhusika. Sheria ya mwaka 1976 haiwataji wahusika katika orodha ya kazi zinazolindwa, lakini mahakama za Marekani kwa muda mrefu zimewalinda wahusika waliochorwa kwa ukamilifu wa kutosha, nje ya hadithi walimotokea. James Bond amelindwa ijapokuwa waigizaji wake wamebadilika. Godzilla amelindwa ijapokuwa mara huwa adui na mara huwa mtetezi. Kutokana na mashauri ya aina hiyo, hukumu ya mwaka 2015 ilikusanya vigezo vitatu. Kwanza, mhusika awe na sifa za kimwili pamoja na sifa za kidhana. Pili, awe amebainishwa kiasi cha kutambulika kuwa ni yuleyule kila anapojitokeza, kwa sifa na tabia zisizoyumba, hata kama sura yake inabadilika. Tatu, awe wa pekee kwa namna ya dhahiri na awe na vipengele vya ubunifu visivyo vya kila mahali. Mwanamazingaombwe aliyevaa mavazi ya kawaida ya kazi yake hatoshi.

Msomaji aliyekulia katika ngano za Kiswahili hatashangazwa na kigezo cha pili. Sungura hana sura moja. Msimulizi mmoja humvika kanzu, mwingine humwacha mtupu, na wasikilizaji humtambua papo hapo kwa ujanja wake na kwa namna anavyowashinda wenye nguvu. Kinachomfanya Sungura kuwa Sungura ni tabia. Tofauti yake na Batmobile mbele ya sheria ni kwamba Sungura hana mwenyewe, na wala hajawahi kuwa naye.

Kwa kutumia vigezo hivyo mahakama iliona kwamba Batmobile inatosha. Ina umbo la popo: uso wa popo kwa mbele, mbawa kwa nyuma au juu, na nembo za popo. Ina tabia: ni gari la kupambana na wahalifu, lenye nguvu na wepesi kuliko magari mengine, lenye silaha na zana za kisasa kuliko za wakati wake. Mahakama ilitaja hata kibonzo kimoja kilicholifananisha gari hilo na farasi asiye na subira anayevuta hatamu. Tashibiha hiyo ya mwandishi wa vibonzo iligeuka kuwa ushahidi mahakamani, jambo ambalo huenda mwandishi wake hakuliwaza hata kidogo. Jaji Ikuta alifunga hukumu kwa kumnukuu Batman akimfundisha Robin juu ya kulinda mali binafsi. Machi 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya fundi, na hukumu ikabaki.

Uzito wa uamuzi huu kwa mafundi unapaswa kueleweka vizuri. Gari likiwa mhusika, swali la mgongo wa kiti na nakshi yake halipewi tena nafasi ya kuamua shauri, kwa kuwa kinacholindwa ni mhusika mzima. Fundi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba amebadilisha taa au kurefusha mbawa, maana mhusika haachi kuwa mhusika kwa kubadilisha vazi. Na kwa kuwa ulinzi unahesabiwa tangu kuchapishwa, hata vibonzo vya kwanza vya gari hilo vya mwaka 1941 havitakuwa mali ya umma kabla ya mwaka 2037.

4.0 Shauri la Eleanor

Mwaka 1974 H. B. Halicki aliandika, akaongoza, akagharimia na kuigiza filamu ya Gone in 60 Seconds. Ni hadithi ya wezi wa magari waliopewa orodha ya magari 48, na kila gari wakalipa jina la siri la kike. Eleanor lilikuwa jina la Ford Mustang ya manjano. Halicki alifariki mwaka 1989 katika ajali ya utengenezaji wa filamu ya mwendelezo, na haki zake zikaenda kwa mjane wake. Mwaka 2000 filamu hiyo ilitengenezwa upya, Nicolas Cage akiwa mhusika mkuu, na safari hii Eleanor ilikuwa Shelby GT500 ya mwaka 1967 yenye rangi ya kijivu. Gari hilo la kijivu ndilo lililopendwa, na ndilo watu walilotaka kuwa nalo.

Mgogoro kati ya mjane huyo na upande wa Carroll Shelby, mbunifu wa magari ambaye jina lake limo katika GT500, ulianza kabla ya shauri la Batmobile. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilidokeza kwamba Eleanor huenda ikastahili ulinzi kama mhusika, ikairudisha hoja hiyo katika mahakama ya chini bila kuimaliza. Pande mbili zilifikia makubaliano mwaka 2009. Baadaye upande wa Shelby ulitoa leseni ya kutengenezwa magari yaitwayo GT500CR, mjane akadai kwamba ni nakala za Eleanor, na mgogoro ukaanza upya. Katika muda wote huo wenye haki za filamu walikuwa na neno la kuwatahadharisha mafundi na wanunuzi, na neno hilo lilitegemea hoja ambayo hakuna mahakama iliyoiamua kikamilifu.

Mei 2025 mahakama ileile, kwa hukumu ya Jaji Jacqueline Nguyen, iliamua kwamba Eleanor si mhusika. Ilitumia vigezo vitatu vya Batmobile na ikaona kwamba Eleanor haikidhi hata kimoja. Haina sifa za kidhana, kwa sababu haifikiri, haitendi kwa hiari yake na inaendeshwa tu na wanadamu. Haitambuliki kuwa ileile, kwa sababu katika filamu nne zilizotazamwa jina hilo limebebwa na magari yapatayo kumi na moja, mara Mustang ya manjano na nyeusi, mara Shelby ya kijivu, mara Mustang chakavu yenye kutu. Wala si ya pekee, kwa sababu imejazwa katika nafasi ambayo gari lolote zuri la filamu za wizi lingeweza kuijaza.

5.0 Sifa zinaelezwa kutoka umbali gani?

Ukizisoma hukumu hizi mbili pamoja, jambo la kwanza linalogusa jicho ni kwamba Batmobile nayo huendeshwa na mwanadamu. Nayo imebadilika umbo mara nyingi, pengine kuliko Eleanor. Iwapo kubadilika na kuendeshwa ndivyo vilivyoiangusha Eleanor, inahitajika sababu ya ziada ya kueleza kwa nini havikuiangusha Batmobile.

Sababu mojawapo ni ya kweli na haina utata: Batmobile ina alama za nje zinazorudi kila mara. Popo yupo mwaka 1941, yupo 1966, yupo 1989. Eleanor haina popo wake. Ni Mustang iliyotoka kiwandani kwa Ford, ikatengenezwa zaidi na watu wa filamu.

Sababu ya pili haijitangazi. Sifa za Batmobile zilielezwa kutoka mbali: gari lenye nguvu, la kisasa, la kupambana na uhalifu. Kutoka umbali huo hata magari yasiyofanana hufanana. Sifa za Eleanor zilielezwa kutoka karibu: rangi hii, modeli hii, mwaka huu, kutu hii. Kutoka karibu hata mapacha hutofautiana. Upande wa mjane ulijaribu kusogea mbali. Ulidai kwamba Eleanor daima ni gari gumu kuibwa, linalowakwepa polisi na kustahimili ajali kubwa. Mahakama haikukubali kusogea nao, na katika filamu zenyewe kuna matukio yasiyopatana na maelezo hayo. Hata hivyo swali la umbali lenyewe halijibiwi na kigezo chochote kati ya vile vitatu. Hakuna kinachomwambia jaji asimame wapi anapomtazama mhusika.

Wahakiki wa fasihi wanalijua tatizo hili. Katika fasihi ya Kiswahili mhusika hugawanywa kuwa bapa au duara. Mhusika bapa hubeba sifa moja isiyobadilika. Mhusika duara hukua, hujipinga na humshangaza msomaji. Kwa kawaida mhakiki humthamini zaidi yule wa duara. Kigezo cha pili cha mahakama kinafanya kinyume, kwani kinadai sifa zisizoyumba, yaani kinampa ulinzi rahisi zaidi aliye bapa. Batmobile ni bapa kabisa, na ubapa wake ndio mali yake. Kadiri kampuni inavyoweza kumrudia mhusika uleule kwa miongo mingi katika vibonzo, filamu na vitu vya kuchezea, ndivyo ushahidi wake wa kutoyumba unavyoongezeka. Msanii aliyefanya kazi peke yake, akatengeneza filamu chache na kufariki katikati ya nyingine, hana hazina ya namna hiyo ya kuileta mahakamani. Uamuzi wa mwaka 2025 unaonekana kuwa sahihi kwa jinsi vigezo vilivyo. Ni vigezo vyenyewe vinavyompendelea mwenye rafu ndefu ya machapisho.

Kuna kasoro nyingine ndogo katika hoja ya kwamba Eleanor haitendi kwa hiari. Katika filamu ya mwaka 2000, uhusiano wa mwizi na gari hilo una uzito wa aina fulani. Mwizi analiogopa na kulitamani kwa miaka. Mhakiki angeweza kusema kwamba hisia hizo ni sifa za mwizi, si za gari, na angekuwa sawa. Lakini hoja hiyohiyo ingetumika juu ya farasi asiye na subira wa kibonzo, kwa kuwa kutokuwa na subira kulikuwa kwa mwandishi.

6.0 Mlango wa alama za biashara

Hakimiliki siyo njia pekee ya kumfikia fundi. Sheria ya alama za biashara huuliza swali jingine: je, umma utadhani kwamba bidhaa hii inatoka kwa mwenye alama? Katika shauri la Warner Bros. dhidi ya Gay Toys, lililofika katika Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Pili mwaka 1981 na tena 1983, kampuni ya vitu vya kuchezea ilikuwa imetengeneza gari dogo la rangi ya chungwa lenye bendera ya Muungano wa majimbo ya Kusini juu ya paa, kwa kufuata General Lee, Dodge Charger ya tamthilia ya The Dukes of Hazzard. Milangoni iliandikwa 10 badala ya 01. Mgeuko huo haukuisaidia. Kampuni ilisema kwamba alama hizo ni sehemu ya matumizi ya kitu cha kuchezea, kwa kuwa watoto huzihitaji ili waigize hadithi. Mahakama ilikataa, kwa maelezo kwamba watoto walilitaka gari hilo kwa sababu alama zake zililihusisha na tamthilia.

Tamthilia ya Miami Vice iliongeza kichekesho katika historia hii. Ferrari Daytona nyeusi iliyopendwa na watazamaji haikuwa Ferrari. Ilikuwa bodi ya kuiga iliyowekwa juu ya Chevrolet Corvette. Kampuni ya Ferrari ilimshtaki mtengenezaji wake, na watayarishaji wakaishia kutumia Testarossa halisi. Mwaka 1991, katika shauri jingine dhidi ya mtu aliyekuwa akiuza bodi za faibaglasi zilizofanana na Daytona na Testarossa, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Sita ilikubaliana na Ferrari. Mnunuzi hakudanganyika, alijua vizuri kwamba hanunui Ferrari. Mahakama iliangalia watu wengine, wale watakaoliona gari likipita barabarani na kuamini kwamba ni lenyewe.

Kwa hiyo fundi aliyeisoma hukumu ya Eleanor na kufurahi anapaswa kuisoma hadi mwisho wa mambo. Anaweza sasa kuunda Mustang ya kijivu bila kuogopa dai la kwamba amemnakili mhusika. Akiweka juu yake jina la Shelby au herufi za GT500 bila leseni, atakutana na upande ulioshinda.